Kabla Hujamlipa Mshauri wa Pesa: Jinsi ya Kumkagua Hatua kwa Hatua (Mwongozo Kamili)

Nimeandika hii kwa sababu nimechoka kuulizwa swali lile lile likiwa limeshachelewa. Mtu ananitumia linki ya kozi ya uwekezaji, anauliza "hii ikoje, nijiunge?", namuuliza umeshalipa? Kimya kidogo, halafu: "ndio, jana usiku, ofa ilikuwa inaisha." Sasa hapo mtu unamshauri nini jamani.

Na wengi wao wala sio wajinga, wanajua mjini kuna matapeli, wanafeli sehemu moja tu. Wanakaa wanasikiliza ushauri na kujiuliza kama unaingia akilini. Ushauri wa pesa karibu wote unaingia akilini! Weka akiba, usikope hovyo, pesa ikufanyie kazi, nani atabisha? Cha kukagua ni anayeuongea, analipwaje akiongea, na namba zake zinasimama ukizishika mwenyewe au zinaanguka.

Mwongozo huu unamhusu kocha wa pesa, influensa, mwalimu wa foreksi (biashara ya kubadilisha fedha za kigeni) na kripto (sarafu za mtandaoni), afisa wa benki anayekuita ofisini na tabasamu, wakala wa bima, na yule rafiki aliyekuongeza kwenye grupu bila kukuuliza. Hatua ni zile zile kwa wote.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari au karatasi. Usitegemee kichwa, kichwa kikishapenda kitu kinasahau makusudi.
- Kalkuleta yenye kitufe cha kipeo (ile ya simu ukiilaza simu mara nyingi kinatokea).
- Skrinshoti za tangazo, meseji zake, na ukurasa wa malipo. Piga sasa hivi, matangazo huwa yanafutwa.
- Mtu mmoja asiyefaidika na chochote, ulipe usilipe. Aliyekuleta kwenye hiyo kitu hahesabiki.
- Siku 7. Kama huna siku 7 basi huna haja ya kuendelea kusoma, jibu lako ni hapana.

## Hatua ya 1: Iandike ahadi yake kwa sentensi moja

Chukua alichosema, kama alivyosema, ukiandike kwa mfumo huu: ukiweka kiasi fulani, kwa muda fulani, utapata kiasi fulani, na unaweza kupoteza kiasi fulani. Sehemu nne tu.

Kwa nini? Kwa sababu maneno kama "uhuru wa kifedha" na "pesa ikutafute wewe" hayapimiki, na kisichopimika huwezi kukidai. Angalia hasa ile ya fikra: "ukibadilisha fikra zako utatajirika." Ukipata pesa, kozi imefanya kazi. Usipopata, fikra zako bado mbovu, lipia levo ya pili. Yaani yeye kwenye hiyo mechi hafungwi hata siku moja.

Tahadhari: usiandike ulichoelewa wewe. Wengi anaposema "wanafunzi wangu wengine wanapata hadi milioni kwa wiki" wao wanaandika "nitapata milioni kwa wiki". Neno "wengine" na neno "hadi" yamewekwa pale kwa kazi maalum, yaache kwenye sentensi.

Umefaulu ukiona: sentensi moja yenye namba, au sentensi yenye mapengo. Mapengo nayo ni jibu, hasa lile la kupoteza likibaki wazi.

## Hatua ya 2: Fuata pesa yake, inatoka wapi

Hapa ndo pa kukaa. Ukiruka hatua zote usiruke hii.

Mshauri anaweza kulipwa na wewe moja kwa moja, kwa saa au kwa kikao. Anaweza kulipwa komisheni na kampuni ambayo bidhaa yake anakuuzia. Anaweza kukata asilimia ya mtaji wako kila mwaka. Anaweza kulipwa kwa linki, kila anayejisajili yeye anaingiziwa kitu. Au anaishi kwa kuuza kozi yenyewe. Wengi wanachanganya mbili tatu.

Kila njia inamvuta upande wake, hata akiwa mtu mwema kabisa. Wa komisheni atapendelea bidhaa yenye komisheni nono na hatakuambia "lipa kwanza deni lako la riba kubwa" maana kwenye hilo hapati kitu. Wa asilimia hatakushauri utoe pesa ukanunue kiwanja. Wa kozi anahitaji uamini kwamba mambo ni magumu na yeye ndo ana ufunguo, kumbe ushauri wa msingi wa pesa unajaa nusu ukurasa tu: tumia chini ya unachopata, kuwa na akiba ya dharura, maliza madeni ya riba kubwa, wekeza sehemu nyingi kwa gharama ndogo, kata bima ya yale yasiyobebeka. Hakuna anayeweza kuuza nusu ukurasa kila mwezi, kwa hiyo kila mwezi inabidi iletwe siri mpya.

Uingereza waliliona hili tatizo mpaka wakalifanyia sheria. Tangu mwisho wa 2012 washauri wa uwekezaji kule hawaruhusiwi kupokea komisheni kutoka kampuni za bidhaa mpya wanazopendekeza, mteja ndo anawalipa kwa ada iliyo wazi. Nchi nyingi hazijafika huko, kwa hiyo kazi ya kuuliza inabaki kwako.

Na linki za broka (kampuni inayokufungulia akaunti ya kununua na kuuza sokoni) ndo balaa zaidi. Mwalimu anakufundisha foreksi "bure", sharti ni ufungue akaunti kwa linki yake. Bure gani hiyo? Broka anamlipa kwa kila akaunti inayowekwa pesa, na kwenye mipango mingine analipwa kadri unavyotredi, yaani unavyonunua na kuuza, ushinde ushindwe. Ukitredi mara hamsini kwa siku yeye anafurahi mara hamsini.

Mastaa nao usiwahesabu kama ushahidi. Oktoba 2022 Kim Kardashian, staa wa televisheni wa Marekani, alikubali kulipa dola milioni 1.26 kumaliza kesi na mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani (SEC), bila kukiri wala kukana kosa. Alikuwa ameposti kuhusu kripto inaitwa EthereumMax na hakusema kwamba amelipwa dola 250,000 kwa ile posti. Mamilioni ya watu waliona posti, malipo hawakuyaona.

Fanya hivi: chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika kila njia anayopata pesa ukimfuata. Kulia andika anapata nini usipomfuata, au ukimfuata ukapata hasara.

Tahadhari: "mimi silipwi na mtu, nasaidia tu" sio jibu. Gari la kurekodi video, kamera, matangazo ya kulipia, vyote vinatoka mahali.

Umefaulu ukiona: unaweza kumweleza mtu mwingine kwa sentensi mbili jinsi huyu mshauri anavyokula. Ukishindwa kueleza, basi anakula kwako, ila bado hujajua kupitia mlango upi.

## Hatua ya 3: Leseni, na pesa inakaa wapi

Nchi yenye soko la mitaji huwa na mamlaka inayosajili washauri na mabroka. Ingia kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe, andika jina. Marekani wana tovuti ya BrokerCheck, Uingereza wana rejista ya FCA (mamlaka yao ya huduma za fedha), na kwingine kuna orodha za namna hiyo. Usitumie linki aliyokutumia yeye, itafute mwenyewe.

Kuna mchezo wa kukopi namba ya leseni ya kampuni halali na kuibandika kwenye tovuti feki. Kwa hiyo ukiikuta namba kwenye rejista, chukua simu iliyoandikwa KWENYE REJISTA upige hiyo, waulize kama huyu mtu ni wao.

Lakini leseni peke yake isikulaze usingizi. Bernard Madoff alikuwa mwenyekiti wa zamani wa Nasdaq, soko kubwa la hisa la Marekani, kampuni yake imesajiliwa kabisa, na Desemba 2008 alikamatwa kwa utapeli wa mabilioni ya dola. Pesa za wateja zilikaa kwake mwenyewe na taarifa za akaunti aliziandika yeye mwenyewe, hakuna mtu wa tatu katikati. Hilo ndo swali kubwa kuliko leseni: pesa yangu itakaa wapi, kwa jina la nani, na nani tofauti na wewe ananitumia taarifa? Jibu zuri ni benki au kampuni nyingine ya kutunza mali, isiyo yake, kwa jina lako. Jibu baya ni "tuma kwenye namba hii, nitakuingizia".

## Hatua ya 4: Piga hesabu zake upya

Usiogope, ni hesabu tatu na hakuna hata moja inayozidi dakika tano.

Hesabu ya kwanza, ahadi ikiendelea inafika wapi. Amesema asilimia 10 kwa mwezi? Basi kwenye kalkuleta andika 1.1 kipeo cha 12. Inakuja kama 3.14, yaani pesa inazidi mara tatu kwa mwaka mmoja. Sasa weka kipeo cha 120, miaka kumi. Inakuja zaidi ya 92,000. Laki moja imekuwa bilioni 9 na ushee. Mtu mwenye mashine ya hivyo angekopa popote duniani, angesubiri miaka kumi, angenunua benki. Yeye anahangaika na kiingilio chako cha kozi, anakupigia saa tatu usiku kukukumbusha nafasi zimebaki nne.

Hesabu ya pili, toa alichoweka. Hii inawapiga hata waliosoma. Anaonyesha skrinshoti: "Nilianza na laki 2, leo miaka mitatu baadae akaunti ina milioni 2.3." Unaona zaidi ya mara kumi! Muulize swali moja, uliongeza pesa katikati? Tuseme alikuwa anaongeza elfu 50 kila mwezi. Miezi 36 mara elfu 50 ni milioni 1.8. Jumlisha laki 2 za mwanzo, ameweka milioni 2 za kwake kutoka mfukoni. Faida halisi ni laki 3 tu, na ukizingatia pesa nyingi iliingia kidogo kidogo, ni kama asilimia 8 au 9 kwa mwaka. Sio mbaya! Ila sio mara kumi, na huhitaji kozi kujifunza kuweka elfu 50 kila mwezi.

Na sio lazima awe mwongo. Kulikuwa na klabu ya uwekezaji ya akina mama wa Beardstown, mji mdogo wa Illinois, Marekani, walipata umaarufu mkubwa kwa kusema wamepata wastani wa asilimia 23.4 kwa mwaka kwa miaka kumi hadi 1993. Dunia nzima ikataka siri yao. Mwaka 1998 wakaguzi wakapitia upya, ikatoka asilimia 9.1. Michango ya wanachama ilikuwa imeingia kwenye hesabu kama faida. Soko lenyewe la Marekani kipindi hicho lilipanda karibu asilimia 15 kwa mwaka, kwa hiyo aliyenunua soko zima akaenda kulala aliwazidi. Akina mama wazuri tu wale, ila walikuwa wanafundisha watu wakati namba yao wenyewe haijakaguliwa.

Hesabu ya tatu, makato. Asilimia 2 kwa mwaka inasikika kama vumbi. Weka milioni 1 kwa miaka 30 ikikua asilimia 7: unapata kama milioni 7.6. Mtu akikata asilimia 2 kila mwaka ikabaki 5: milioni 4.3. Milioni 3.3 zimekwenda kwa mtu ambaye hakuweka hata senti na hakubeba hasara yoyote. Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, aliwahi kuweka dau hadharani juu ya jambo hili hili, kwamba mfuko rahisi unaofuata tu kampuni 500 kubwa za Marekani utaishinda mifuko ya wataalamu wa hedji fandi (mifuko ya matajiri yenye makato makubwa) waliochaguliwa kwa umakini. Dau lilikwenda kuanzia 2008 mpaka mwisho wa 2017, na wataalamu walishindwa vibaya. Makato ndo yaliyowamaliza, sanasana.

Umefaulu ukiona: una namba yako mwenyewe pembeni ya namba yake, na unajua kwa nini zinatofautiana.

## Hatua ya 5: Watafute waliozama

Ushuhuda wa waliofanikiwa usikupotezee muda wako. Watu elfu kumi wakirusha sarafu mara kumi kila mmoja, kuna watakaopata kichwa mara kumi mfululizo, na hao ndo wataitwa kwenye video kuhojiwa.

Kuna mchezo wa zamani nakuonyesha hapa ili siku ukitumiwa "signali" za bure (utabiri wa soko linapanda au linashuka) ujue. Mtu anachukua namba 1,024. Nusu anawatumia "kesho soko linapanda", nusu "linashuka". Kesho yake anawafuta aliowakosea, wamebaki 512, anagawa tena. Baada ya siku tano wamebaki watu 32 ambao wameona kwa macho yao jamaa akipatia mara tano bila kukosea. Ukiwa kwenye hao 32 utaapa kwa mama yako kwamba ni mtabiri. Wale 992 hamjuani.

Kwa hiyo tafuta upande wa pili. Andika jina la kozi au la kampuni pamoja na maneno "hasara", "kurudishiwa pesa", "malalamiko". Uliza ni wangapi walianza na wangapi bado wanafanya baada ya mwaka. Na kama ni kutredi, soma maandishi madogo chini ya tovuti ya broka. Tangu 2018 mabroka wa Ulaya wanalazimika kuandika ni asilimia ngapi ya akaunti za watu wa kawaida zinapoteza pesa kwenye bidhaa zinazoitwa CFD (unabeti bei ipande au ishuke bila kumiliki kitu chenyewe). Mamlaka ya Ulaya ilipotoa amri hiyo ilisema ni kati ya 74 na 89. Wameandika wenyewe, pale chini, kwa herufi za kijivu, na mwalimu wako hajawahi kuskroli mpaka huko mbele ya wanafunzi.

Watafiti wa Brazil nao waliwafuatilia watu walioanza kutredi fyucha (mikataba ya kununua au kuuza kitu baadae kwa bei ya leo) kila siku kati ya 2013 na 2015. Waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipata hasara. Kumbuka hao ndo walioendelea, waliofanya mazoezi, wasiokata tamaa. Ile hadithi ya "ukiendelea utajua" haikuwasaidia.

## Hatua ya 6: Muulize kwa maandishi

Maswali manne, kwa meseji au barua pepe, kwenye simu hapana kwa sababu kwenye simu yeye ni fundi kuliko wewe:

1. Unalipwa na nani na kiasi gani nikifanya unachoshauri?
2. Naweza kuona matokeo ya akaunti yako ya miaka mitano, yakiwemo ya hasara, yaliyokaguliwa na mtu mwingine?
3. Mazingira gani yatafanya nipoteze pesa, na ni kiasi gani?
4. Nikitaka kutoka, nasubiri muda gani na nakatwa nini?

Washauri wazuri wapo, mimi nawajua, na hao wakiulizwa hivi hawakasiriki hata kidogo, wengine wanajibu kabla hujamaliza. Ukijibiwa "maswali mengi ni dalili ya fikra za kimaskini", umejibiwa.

## Hatua ya 7: Kaa siku 7

Hapa niliungua mwenyewe kwa hiyo naongea kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma niliingia webina (semina ya mtandaoni) moja ya uwekezaji, saa nzima jamaa anasimulia maisha yake, mwishoni ikatokea saa nyekundu inahesabu kurudi nyuma, dakika 15, bei nusu, baada ya hapo haitarudi tena. Moyo unadunda. Nikalipa ikiwa imebaki dakika 2 na sekunde kadhaa, nikajiona mjanja. Usiku nikafungua ukurasa ule ule kwenye simu nyingine nimwonyeshe mtu. Saa ikaanza 15:00. Nikaufunga nikaufungua, 15:00 tena. Kila mtu alikuwa na dakika zake 15 za mwisho, siku yoyote anayoingia.

Kozi yenyewe ilikuwa video sita, na ya sita ilikuwa tangazo la kozi nyingine. Kurudishiwa pesa kulikuwa na sharti: nithibitishe nimefanya mazoezi yote, na zoezi la mwisho lilikuwa ndani ya ile kozi nyingine.

Kwa hiyo siku 7, hesabu kuanzia siku uliyotaka kulipa. Siku ya kwanza mpe karatasi yako yule mtu asiye na faida aisome, usimweleze kwa mdomo maana utamuuzia na wewe. Siku ya saba soma tena sentensi ya hatua ya 1. Soko halisi litakuwepo bado, limekuwepo miaka mingi kabla ya hiyo ofa.

Umefaulu ukiona: umeamua mchana, umeshiba usingizi, na hakuna anayekusubiri kwenye simu.

## Na kama umeshalipa

Usiongeze hela "kufungua" hela, hata wakikuambia ni kodi ya kutolea. Wapigie benki au kampuni ya kadi leo, sio wiki ijayo, uulize kama malipo yanaweza kupingwa, kuna muda maalum na ukipita umepita. Wakati huo huo peleka zile skrinshoti kwa mamlaka ya masoko ya mitaji na polisi.

Halafu jiandae kupigiwa simu nyingine. Majina ya waliopigwa huwa yanauzwa, na baada ya wiki au miezi atakuja mtu mpole sana, anajua kiasi ulichopoteza mpaka senti ya mwisho, anasema ni mwanasheria au mtaalamu wa kufuatilia kripto na atakurudishia yote, ila kuna ada ndogo ya kuanzia. Mwambie asubiri siku 7, utasikia sauti inavyobadilika.